Lemn Sissay, Jackie Kay au Inua Ellams: uanze na nani?

Anayetaka kuwajua washairi wa Uingereza wa leo ambao pia huandika tamthilia hukutana mapema na majina haya matatu. Wote wana asili ya Afrika, wote wanasomwa na kuigizwa kwenye kumbi kubwa, na wote wamepewa tuzo nyingi kiasi kwamba tuzo zenyewe hazimsaidii mtu kuchagua. Mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40, kiongozi wa kikundi chenye waigizaji watano na msomaji mwenye fedha za kitabu kimoja tu wanahitaji kipimo kingine.

Kipimo tunachopendekeza ni kuhesabu sauti. Sissay huandika kwa sauti moja, ya mtu asiye na shahidi. Kay huweka sauti tatu au nne zinazosimulia jambo moja kila moja upande wake. Ellams hujaza chumba kizima watu wanaokatizana maneno. Hesabu hiyo imetoka katika malezi ya kila mmoja, kwa hiyo inafaa kuanzia huko.

Walikotoka

Lemn Sissay alizaliwa 21 Mei 1967 huko Billinge, karibu na mji wa Wigan, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mama yake alikuwa mwanafunzi kutoka Ethiopia. Afisa ustawi wa jamii alimtaka atie sahihi mtoto aasiliwe, mama akakataa. Hata hivyo mtoto alipewa jina la Norman na kukabidhiwa familia ya Kizungu, Wabaptisti, walioambiwa wamchukulie kama wa kuasili kabisa. Mwaka 1968 mama aliandika barua akiomba arudishiwe mwanawe akue kati ya watu wake. Ombi halikutekelezwa. Sissay alipofika miaka 12 familia ile ilimrudisha mikononi mwa halmashauri na kuacha kuwasiliana naye, na tangu hapo hadi miaka 18 alipita katika makao manne ya watoto. Alipokuwa kijana wa kuelekea kuondoka makaoni ndipo alipopata cheti chake cha kuzaliwa na barua ya mama. Akagundua kwamba jina lake ni Lemn, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni "kwa nini". Mama mwenyewe alimpata akiwa na miaka 21, nchini Gambia, alikokuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa. Faili lake lote la ustawi wa jamii alilipata mwaka 2015, baada ya kulidai kwa miongo kadhaa.

Mtu aliyekua hivyo hana mjomba wa kumwambia "ulipokuwa mdogo ulikuwa hivi". Kila kumbukumbu yake ina mwenyewe peke yake, na upande wa pili kuna karatasi za ofisi. Maandishi yake yote makubwa yamejengwa kwa vitu hivyo viwili.

Jackie Kay naye alizaliwa Edinburgh mwaka 1961, mama Mskoti wa nyanda za juu, baba Mnigeria aliyekuwa akisoma Aberdeen. Aliasiliwa akiwa mchanga na Helen na John Kay wa Glasgow, Wazungu wakomunisti, ambao tayari walikuwa wamemuasili kaka yake. John alikuwa mfanyakazi wa Chama cha Kikomunisti, na Helen alishughulika na kampeni ya kupinga silaha za nyuklia. Nyumba ile haikumficha binti kitu: alijua alikotoka, na mama alimsimulia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa namna yake. Tofauti yake na Sissay ni hii: Kay alikua amezungukwa na watu wenye la kusema juu ya maisha yake. Ndiyo maana kwenye kurasa zake utakuta watu wengine wakimsimulia yeye.

Kuna sadfa ya kupendeza hapa. Mwaka 2015 wote wawili, watoto wa Kiafrika waliolelewa na Wazungu, walianza kazi ya ukuu wa chuo: Sissay Chuo Kikuu cha Manchester, Kay Chuo Kikuu cha Salford, miji miwili inayotenganishwa na mto Irwell tu.

Inua Ellams ni wa kizazi kingine. Alizaliwa Jos, Nigeria, mwaka 1984, baba Mwislamu, mama Mkristo. Familia ilihamia London mwaka 1996, Dublin mwaka 1999, na kurudi London mwaka 2002. Malezi yake yalikuwa ndani ya familia yake, lakini ardhi chini ya miguu ilibadilika kila mara, na suala la vibali vya kuishi liliwafuata kwa miaka mingi. Ni mchoraji na msanifu wa picha pia. Mwaka 2005 alianzisha Midnight Run, matembezi ya usiku kucha mjini ambapo wageni wasiojuana hutembea pamoja na wasanii mpaka alfajiri. Ukiyajua matembezi hayo umekwisha kuielewa nusu ya tamthilia zake: kundi la watu, mji, saa zinazohesabika, na mazungumzo.

Sissay: kinywa kimoja na faili moja

Kijitabu chake cha kwanza, Perceptions of the Pen, alikitoa mwenyewe katikati ya miaka ya 1980 kwa fedha za posho ya wasio na kazi, akawauzia wachimba migodi wa Lancashire. Tangu hapo alihamia Manchester na kuishi kwa ushairi. Diwani zilizofuata ni Tender Fingers in a Clenched Fist (1988), Rebel Without Applause (1992), Morning Breaks in the Elevator (1999) na Listener (2008). Anayetaka diwani moja tu achukue Gold from the Stone (2016), kwa kuwa ni mkusanyiko wa zilizotangulia pamoja na mashairi mapya. Zile za zamani zina mdundo wa jukwaani, zimeandikwa kupigiwa kelele za furaha ukumbini, na kwenye karatasi baadhi yake hupoa. Zisomwe kwa sauti.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mlango mwingine rahisi zaidi: Let the Light Pour In (2023). Kwa miaka mingi Sissay aliandika ubeti mmoja kila alfajiri, mistari minne mifupi, mara nyingi yenye vina. Aliyezoea ubeti wa mishororo minne atajisikia nyumbani. Ila ukitaka kuzifasiri, usizilazimishe ziingie katika shairi la mizani 16 kwa mshororo. Mistari yake ni mifupi mno, utajikuta unaongeza maneno ya kujazia tu na ule wepesi wa asubuhi unapotea. Mizani 8 ya utenzi inakaribia zaidi, na hata hapo si lazima uweke kina cha bahari mwishoni, kwa kuwa kila ubeti wake unasimama peke yake.

Tamthilia ya kumjua ni Something Dark. Ni ya mtu mmoja. Mwenyewe aliiigiza jukwaani, akisimulia makao, jina alilopewa na safari ya kumtafuta mama. Kosa la kawaida la vikundi ni kuigawa hati hii kati ya waigizaji wanne au watano ili kila mtu apate nafasi. Ikigawiwa inakufa, kwa sababu jambo lenyewe ni kwamba hakuna mtu mwingine chumbani. Ukiwa na kikundi, mpe mwigizaji mmoja, na waliobaki wafanye mwanga, sauti na uongozaji. Mwigizaji huyo aweze kubadilisha kasi, kwani Sissay huingiza kichekesho katikati ya jambo zito, na asiyejua kupumzika baada ya kichekesho hatasikika sentensi inayofuata.

Kumbukumbu yake, My Name Is Why (2019), inaonyesha mbinu yake waziwazi. Nyaraka halisi za faili zimechapwa kando ya anayoyakumbuka yeye, na sura hufunguliwa kwa ubeti wa mistari minne. Darasani, fanya hivi: mwanafunzi mmoja asome waraka wa ofisi kwa sauti ya kawaida isiyo na hisia, kisha mwingine asome maneno ya Sissay. Usimruhusu msomaji wa waraka auigize kwa ubaya. Karatasi ile inatisha kwa sababu ya utulivu wake, na ukiitia sauti ya jini la hadithini darasa litacheka.

Mwaka 2017 alikwenda mbali zaidi. Katika ukumbi wa Royal Court, London, usiku mmoja tu, mwigizaji Julie Hesmondhalgh alimsomea mbele ya hadhira ripoti ya mwanasaikolojia juu yake ambayo Sissay alikuwa hajawahi kuisoma. Onyesho liliitwa The Report. Halirudiwi, wala kikundi kisijaribu kuliiga, lakini linafaa kutajwa kwa anayeuliza tamthilia inaanzia wapi na ushahidi unaishia wapi.

Kwa shule za sekondari, hasa hapa Afrika Mashariki, tunaweka mbele Refugee Boy. Riwaya ni ya Benjamin Zephaniah (2001), Sissay akaigeuza tamthilia iliyoonyeshwa Leeds mwaka 2013. Alem ana miaka 14, baba Mwethiopia, mama Mweritrea, na vita vya nchi hizo mbili vinamfanya awe adui pande zote. Baba anampeleka Uingereza na kumwacha hotelini ili abaki salama. Hapa Sissay yuko nje ya desturi yake, sauti ni nyingi, lakini mtoto anayeishi kati ya familia ya malezi ya kambo na mahakama anamfahamu kuliko mwandishi yeyote. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa Eritrea iko wapi, na hilo linaokoa nusu kipindi.

Kuna pia Sissay wa ukutani. Manchester ina mashairi yake yaliyochorwa kwenye majengo: Rain, juu ya mkahawa barabara ya Oxford, limepangwa usome kushuka chini kama mvua inavyonyesha, na Hardy's Well huko Rusholme linacheza kwa herufi moja inayorudi mwanzoni mwa maneno. London, katika ua wa Fen Court, kuna Gilt of Cain juu ya nguzo za mawe zenye umbo la mabua ya miwa, kazi aliyoifanya na mchongaji Michael Visocchi, ikazinduliwa na Desmond Tutu mwaka 2008 kukumbuka kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Shairi hili linachanganya lugha ya soko la hisa na ya Agano la Kale. Mtafsiri ajihadhari. Neno gilt ni jina la hati fungani za serikali ya Uingereza, na kwa sikio halitofautiani na neno lenye maana ya hatia. Cain ni Kaini aliyemuua nduguye, na sikioni ni muwa pia. Kiswahili hakina neno moja linaloshika vyote hivyo. Afadhali uache jina kama lilivyo, ueleze kwa sentensi mbili, kuliko kubuni mchezo wa maneno unaopoteza damu iliyomo.

Kay: sauti zisizosikiana

The Adoption Papers (1991) ndiyo kazi ya kuanzia, bila kusita. Ni mfululizo wa mashairi wenye sehemu tatu: 1961 hadi 1962, 1967 hadi 1971, 1980 hadi 1990. Wasemaji ni binti, mama aliyemuasili na mama aliyemzaa. Mtu aliyekulia kwenye ngonjera za shule atadhani amekwisha kuelewa, na hapo ndipo pa kuangalia. Kwenye ngonjera wahusika husimama uso kwa uso na kujibizana. Kwa Kay kila mmoja anazungumza kwake, miaka na maili mbalimbali, na msomaji peke yake ndiye anayesikia jinsi maneno yanavyojibu maneno. Ukiwasimamisha waigizaji watatu wakitazamana umeiharibu. Waweke mbalimbali, wote watazame hadhira, na wasigeuke hata mara moja.

Jambo la pili ni la uchapaji. Kitabuni kila sauti ina aina yake ya herufi, na majina ya wasemaji hayarudiwi kando ya mistari. Ukinakili shairi kwenye simu au ukatoa fotokopi hafifu, herufi zote zinafanana na msomaji hajui nani anasema. Kabla ya kugawa nakala, pitia mwenyewe na utie alama pembezoni: B kwa binti, M kwa mlezi, Z kwa mzazi. Kazi hiyo ni ya jioni moja na inaokoa mazoezi mengi.

Sehemu inayofanya kazi kila mahali ni ile ya afisa wa kuasili anayekuja kukagua nyumba. Mama mlezi anajua wakomunisti hawapendwi, kwa hiyo anaficha vitabu vya Marx, Engels na Lenin kabatini na kupanga nyumba ionekane ya watu wa kawaida. Afisa anaona beji za amani zilizosahaulika. Mama anaamua potelea mbali, mtoto apatikane asipatikane, anasema ukweli. Na afisa anafurahi, anakaa kunywa kikombe kingine cha kahawa. Ni ya kuchekesha na ya kutia woga kwa wakati mmoja, na mama yeyote aliyewahi kufagia nyumba kwa ajili ya mgeni wa ofisi ataielewa bila maelezo.

Ugumu wa Kay ni Kiskoti chake. Mama mlezi anazungumza kama watu wa Glasgow, na mtafsiri hushawishika kumpa lahaja, tuseme Kimvita, ili aonekane wa mahali. Hatushauri. Msomaji ataanza kumwona mama wa Mombasa na Glasgow itatoweka. Mpe Kiswahili cha jikoni, sentensi fupi zinazokatika, "sasa mie nifanye nini", na uache majina ya mitaa na vyakula kama yalivyo.

Kay wa tamthilia hasa ni wa mwaka 1986, Chiaroscuro, iliyoandikwa kwa ajili ya kundi la Theatre of Black Women. Wahusika ni wanawake wanne Weusi, Aisha, Beth, Opal na Yomi, na mazungumzo yanahusu majina, rangi na mapenzi kati ya wanawake. Ukumbi wa Bush, London, uliirudisha mwaka 2019 kwa mtindo wa tamasha la muziki, na hilo lilithibitisha kwamba hati inabeba muziki wa moja kwa moja bila kulemewa. Kiongozi wa kikundi aijue jamii yake kabla ya kuichagua.

The Lamplighter ilianza redioni mwaka 2007, miaka 200 baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, ikachapwa kitabu mwaka 2008. Wanawake wanne waliofanywa watumwa wanasimulia hadithi moja kwa kupokezana, pamoja na msichana aliyefungiwa ngomeni pwani ya Afrika Magharibi na sauti ya mwanamume. Kwa kuwa ni ya redio, haihitaji mavazi wala pazia. Inahitaji waigizaji wanaojua kupumua pamoja, kwa sababu maneno hurudiwa na kupokewa kama kiitikio. Wakichelewa nusu sekunde kiitikio kinasikika kama kosa. Fanyeni mazoezi ya kwanza mkiwa mmefumba macho, mpaka mapokezano yakae. Ina ukatili wa kingono, basi si ya wanafunzi wadogo.

Nathari yake inampita Sissay kwa ucheshi. Red Dust Road (2010) inasimulia alivyowatafuta wazazi waliomzaa, pamoja na kukutana na baba yake katika hoteli mjini Abuja, mlokole aliyemwombea kwa muda mrefu mno akitaka atakaswe dhambi ambayo, machoni pake, ilikuwa ni binti mwenyewe. Kati ya kitabu hiki na My Name Is Why, asiyeweza kubeba uzito kwa sasa achukue cha Kay. Anayefanya kazi katika makao ya watoto au ustawi wa jamii achukue cha Sissay, na akisome kalamu ikiwa mkononi.

Kay alikuwa Makar, yaani mshairi wa taifa la Scotland, kuanzia 2016 hadi 2021.

Ellams: chumba kizima

Barber Shop Chronicles ilifunguliwa National Theatre, London, mwaka 2017. Inapita katika vinyozi vya miji sita kwa siku moja: London, Lagos, Accra, Kampala, Johannesburg na Harare. Siku hiyo Chelsea wanacheza na Barcelona, na mechi ndiyo saa ya ukutani inayounganisha miji yote. Katika onyesho la kwanza wanaume 12 walicheza wahusika wapatao 30, bila mapumziko, kwa muda usiofika saa mbili. Chanzo chake ni mradi mmoja wa kuwafundisha vinyozi misingi ya ushauri nasaha. Ellams alijiuliza wanaume Waafrika wanaambiana nini kwenye kiti kile, akasafiri Afrika kwa majuma sita mwaka 2013 na kurudi na saa nyingi za mazungumzo aliyoyarekodi.

Sisi wa upande huu tunaijua baraza hiyo. Kenya ubao unaandikwa "Kinyozi", Tanzania ni saluni ya kiume, na kijiwe ni kilekile: siasa, mpira, wanawake, na akina baba waliopotea. Chini ya kelele zote hati hii inauliza habari za baba. Huko London kijana Samuel ana kinyongo na Emmanuel, mwendesha duka, kwa jambo lililompeleka baba yake gerezani, na uzi huo mmoja ndio unaobeba mchezo. Kikundi kikivutwa na vichekesho kikausahau uzi wa Samuel, hadhira itacheka saa nzima kisha ianze kutazama simu.

Kinachokwamisha zaidi ni mabadiliko ya mji. Hati inahama haraka, na ukizima taa kila mara ili mbadilishe viti, mnaongeza dakika kumi na tano na mdundo unavunjika. Onyesho la kwanza lilihama kwa nyimbo na ngoma, waigizaji wenyewe wakisukuma viti vya magurudumu. Fanyeni hivyo. Viti vitatu au vinne vinatosha kwa miji yote, na kila mji uwe na kitu kimoja tu cha kuutambulisha: kitambaa, redio, bango. Mashine za kunyolea zisiwe na umeme wa kweli, maana zinanguruma juu ya maneno. Sauti itoke kwenye spika na izimwe mazungumzo yakianza.

Kwenye lugha, hatari ni kwamba Kiswahili kinawasawazisha wote. Katika hati ya Kiingereza Mlagos, Mghana na Mzimbabwe hawazungumzi sawa. Ukifasiri yote kwa Kiswahili sanifu, Lagos na Harare zinakuwa mtaa mmoja. Acha salamu, majina ya utani na viapo katika lugha zake, na kwa Kampala usiandike Kiswahili cha Mombasa, kwa kuwa mazungumzo ya kinyozi wa Kampala yangebeba Kiganda ndani yake. Muulize Mganda.

Kazi yake nyingine ya kufikiria ni The Half-God of Rainfall (2019), utenzi wa kisasa kwa beti za mistari mitatu. Demi ni mtoto wa Modupe wa Nigeria na Zeu, mungu wa Wagiriki. Akilia dunia inafurika, akishika mpira wa kikapu hakosi, hadi anafika kuchezea Golden State Warriors. Sango na miungu wengine wa Kiyoruba wanakutana na wa Ugiriki. Maonyesho ya kwanza yalikuwa na waigizaji wawili tu, na ndiyo sababu tunaitaja: ni Ellams anayewezekana kwa kikundi kidogo. Msomaji aliyezoea tendi za mashujaa atashangaa jinsi inavyomwendea vizuri. Ila Zeu anambaka Modupe, na tukio hilo ndilo mhimili wa hadithi, haliwezi kurukwa ili mchezo ufae watoto.

The Actual (2020) ina mashairi 55 na kila kichwa kinaanza kwa tusi lilelile la Kiingereza. Ni diwani kali, yenye hasira ya haki juu ya ukoloni na siasa, na haiingii darasani. Kwa kuanza naye kwenye karatasi, chukua #Afterhours (2017), au tamthilia yake ya kwanza ya mtu mmoja, The 14th Tale, iliyoshinda tuzo ya Fringe First Edinburgh mwaka 2009. Three Sisters (2019), alipoihamishia tamthilia ya Mrusi Chekhov mjini Owerri, Nigeria, wakati wa vita vya Biafra, ni ndefu na inataka kikundi kikubwa chenye uzoefu.

Kwa kiongozi wa kikundi

| Hati | Waigizaji | La kuangalia |
|---|---|---|
| Something Dark (Sissay) | 1 | usiigawe |
| The Half-God of Rainfall (Ellams) | 2 kwa asili | ubakaji. Pumzi ndefu ya ushairi |
| The Adoption Papers (Kay) | wanawake 3 | tia alama za wasemaji kwanza |
| Chiaroscuro (Kay) | wanawake 4 | muziki; mada ya mapenzi |
| The Lamplighter (Kay) | wanawake 4, msichana, mwanamume 1 | mapokezano, ukatili |
| Barber Shop Chronicles (Ellams) | wanaume 12 | mabadiliko ya miji |

Ukiwa na wasichana wengi kuliko wavulana, kama ilivyo katika vikundi vingi vya shule, Kay ndiye jibu na usipoteze muda kubadilisha jinsia za wahusika wa Ellams. Hati yake inahusu wanaume wanaongea nini wanawake wasipokuwepo, na ukiibadilisha unabaki na saluni tu.

Asiyevutwa na yeyote kati ya hawa, akapenda zaidi muziki, amsikilize Kae Tempest wa kusini mashariki mwa London. Brand New Ancients (2012), iliyopata Tuzo ya Ted Hughes, ni ushairi wa saa moja hivi juu ya muziki wa ala. Let Them Eat Chaos (2016) ni kitabu na albamu pia: majirani saba wa mtaa mmoja, wote macho saa 10 na dakika 18 alfajiri. Usianze na kitabu. Sikiliza kwanza, kisha fuata mistari kwa kidole.

Mwisho ni ruhusa, na vikundi vingi huliacha hadi wiki ya onyesho. Sissay, Kay, Ellams na Tempest wako hai na haki zao zinasimamiwa. Kurasa za mwanzo za hati hutaja wakala wa haki za maonyesho. Mwandikie kabla ya mazoezi, utaje jina la ukumbi, idadi ya viti, idadi ya maonyesho, bei ya tiketi au kwamba ni bure, na lugha mtakayotumia. Tafsiri ni ombi la pili, tofauti na la kuigiza, na ruhusa ya moja haileti nyingine. Mkitaka kurekodi na kupandisha mtandaoni, hilo ni la tatu. Subirini jibu la maandishi, na msichapishe bango kabla halijafika.